Fremu ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika. Siku mbili ndani ya basi, magoti yamekuwa mbao. Chumba nilichopanga kiko ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta wa benki. Kitanda, meza, kiti kimoja. Kiti kimoja kinatosha — wa kukalia cha pili hayupo.

Sikupumzika. Nilioga nikaenda moja kwa moja Nyaraka za Mji. Mtunza nyaraka ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Akanipa glavu nyeupe za pamba. "Mikono ya watu ina mafuta, Bibi. Hata ya waungwana." Nimeshampa jina: Mama Glavu.

Nikamweleza shida yangu. Kaka yangu, Luteni, aliuawa vitani miaka hamsini na minane iliyopita, kwenye daraja la reli. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa ukumbi wa mji unatengeneza ukuta wa maafisa waliokufa vita vile. Fremu ishirini na sita. Ya kumi na tisa ina jina lake na kadi ya kijivu. Barua ya kamati ilinifuata huko ninakoishi: picha iletwe, na ndugu atie saini kuithibitisha, kabla ya saa nne asubuhi, Alhamisi tarehe 13. Bila hivyo fremu inashushwa. Hawatundiki fremu tupu.

"Wengine wa familia?" akauliza.

"Ndio mimi tu."

Akaelewa.

Jambo moja sikumwambia: uso wake umenitoka. Sauti ninayo. Mwendo ninao. Nakumbuka saa yake, jinsi alivyoivaa upande wa ndani wa mkono, na kila alipotaka kujua wakati ilibidi aukunjue mkono kama anayeomba. Lakini uso — hamna. Pale penye uso nami nimebaki na kadi ya kijivu. Kamati inataka picha ya kutundika. Mimi nataka kumwona, basi. Mara moja, kabla sijamfuata Mama kaburini nikamwambie kwamba nilimsahau.

Jumanne, 4 Juni

Faili lake la jeshi. Kurasa nne! Urefu, uzito, kundi la damu, kiatu namba 42. Mtu mzima kurasa nne. Pembeni juu pana mstatili mweupe na alama ya kutu ya pini. Picha ilikuwepo, imebanduka. Mama Glavu akalitikisa faili juu ya meza, akadondoka mende mkavu.

"Pole, Bibi."

Picha za kambi je? Ziliungua na kambi.

Ukurasa wa tatu wameandika jina la baba yetu vibaya, herufi moja imezidi. Penseli ninayo mkononi. Miaka thelathini na minne nimesahihisha prufu, kurasa za majaribio, kwenye kiwanda cha uchapaji cha watu wasio wangu, kwa lugha niliyojifunza ukubwani, na mkono ulikwenda wenyewe. Nikauvuta. Faili si prufu. Kosa la humo limeshakuwa historia.

Jumatano, 5 Juni

Magazeti ya mwaka ule. Hakuna. Macho yanawasha.

Leo nimesema "asante" mara tatu na "samahani" mara moja. Mengine yote nimesema na daftari hili.

Alhamisi, 6 Juni

Umeme umekatika, Nyaraka wamefunga. Nikajikaza nikaenda kuitazama nyumba yetu.

Kliniki ya meno. Mlango ni uleule, wamepaka rangi ya krimu. Binti wa mapokezi, kucha ndefu, hakuinua kichwa.

"Una miadi, Mama?"

"Nilizaliwa humu."

"Basi kadi yako ya zamani unayo?"

Nilitoka nikicheka. Hatua tano barabarani kicheko kikaisha, nikabaki nimeshika nguzo ya taa kama mlevi.

Kiti cha mgonjwa kimekaa palepale ilipokaa cherehani ya Mama. Siku tulipoukimbia mji kwa vita, dereva wa lori alisema kila mtu na mzigo mmoja. Mama alisimama katikati ya chumba. Kulia cherehani, kushoto kopo la biskuti lenye picha zetu zote. Akabeba cherehani. Nilipiga kelele. "Picha hazishoni nguo," akasema, akapanda lori. Kweli cherehani ile ilitulisha miaka kumi na mmoja. Lakini kopo lile hakulililia hata siku moja. Hilo sikumsamehe. Alikufa sijamsamehe, na yeye alijua.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempata! — Karibu nimpate.

Gazeti la wiki ileile tuliyokuwa njiani kwenye lori, ndiyo maana sikuwahi kuliona. Ukurasa wa sita, chini ya tangazo la matairi. Jina lake, cheo, daraja la reli, "ameacha mama na dada mmoja." Na picha! Ndogo kama stempu. Wino umevimba. Kofia naiona, kola naiona, kidevu nusu. Macho ni madoa mawili. Nimeinama na lenzi mpaka Mama Glavu akaniuliza kama nimesinzia.

Kumbe Mama aliipeleka picha gazetini kabla hatujaondoka. Hakuniambia kamwe.

Chini yake kwa herufi ndogo: *Picha, Studio ya Stesheni.* Nikamkumbuka mwenye studio papo hapo. Mji mzima ulimwita Usicheke, kwa sababu ndilo neno pekee alilowaambia wateja.

Leo nimekula vizuri. Mwenye nyumba akanikuta ngazini nikijiimbia. "Vipi, Bibi, umepata mchumba?" Nikamwambia nimempata, ila uso bado.

Jumamosi, 8 Juni

Usicheke alikufa zamani. Studio ipo, ndogo, imebaki fotokopi na picha za pasipoti. Anaiendesha binti yake, naye sasa ana wajukuu.

"Karibu Shangazi! Pasipoti au fotokopi?"

Nikamwambia mimi ni wa zamani, wa enzi za baba yake. Akafunga mashine, akanivutia kiti.

"Baba! Baba alikuwa anapiga picha kama hakimu anasoma hukumu. 'Usicheke!' Nyumbani wenyewe tulikuwa tunacheka kwa zamu."

"Na vile vioo vyake alivyopigia picha? Negativu?"

"Nusu alizisugua akatengenezea madirisha ya banda la kuku. Usinitazame hivyo, Shangazi, kioo kilikuwa adimu baada ya vita! Kuku wetu wamekulia na maharusi. Jua likipiga unaona bwana harusi juu ya mtetea."

Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na machozi hayakuwa yote ya kicheko. Nusu nyingine baba yake aliipeleka Nyaraka alipozeeka, pamoja na rejista.

"Lakini rejista yake usiitegemee sana," akasema. "Aliandika jina la aliyeagiza, basi. Watu tisa kwenye picha, jina moja kitabuni. Na alipiga kwa upana, kila kitu kinaingia, mpaka ndoo na fagio. Halafu karatasi anakuja kuikata kwa mkasi. Mkasi wake ndio uliokuwa fundi."

Nikimuaga aliniangalia akainamisha kichwa, jicho la kazi. "Una uso mzuri wa picha. Ungekuja zamani." Nikamwambia nilikuja.

Jumapili, 9 Juni

Binti yangu amepiga simu, kama kila Jumapili.

"Mama, unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Nalala. Unataka na idadi ya ndoto?"

"Picha moja tu hiyo, Mama. Safari yote hiyo."

"Ndiyo. Moja tu. Ndiyo maana."

"Si ulikuwa unasema mlifanana kama shilingi kwa ya pili? Jitazame kwenye kioo basi, urudi nyumbani." Alikuwa anatania. Ni mtoto mzuri, ila nyumbani anakosema yeye ni kwake. Mimi kule ni mgeni wa miaka hamsini na minane, na hapa ni mgeni wa siku saba.

Baada ya simu nilisimama kweli mbele ya kioo cha bafuni. Miaka sabini na minne. Anayenitazama humo ni Mama, si Kaka.

Kutwa nimekaa na wiki ile ya likizo yake. Ya mwisho. Alikuwa ameongezwa cheo karibuni, na Mama alimwandama: nenda kapigwe picha, nenda kapigwe picha. Yeye aliogopa kamera kuliko risasi, alisema risasi angalau haikwambii ukae wima. Mwishowe akanishika mkono. "Twende, Mkia." Ndivyo alivyoniita, maana nilimfuata kila alikokwenda. Nakumbuka ngazi za studio. Nakumbuka Usicheke akifoka. Nakumbuka tulicheka mpaka mbavu zikauma, mimi na Kaka, tukaendelea kucheka njia nzima kurudi. Tulichokuwa tunacheka ndicho sikikumbuki.

Jumatatu, 10 Juni

Rejista tumeipata. Kitabu kinene, mgongo umeliwa na mchwa. Namba 2114, jina la Kaka kwa mwandiko wa Usicheke, mkali kama waya. "Afisa. Nusu mwili. Nakala moja."

Basi kioo kipo, au kiko kwa kuku. Masanduku kumi na mawili, hayana mpangilio. Kila kioo kwenye bahasha, kila bahasha inanata. Leo tumemaliza saba. Mama Glavu hapaswi kunisaidia, ana kazi zake, lakini amevuta kiti. Saa kumi akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake akanisogezea. Chai Nyaraka ni kosa kubwa kuliko wino. Tulikunywa tumeipa meza mgongo, kama wezi.

"Alikuwaje?" akaniuliza.

Nikamwambia mchekeshaji. Mvivu wa kuandika barua. Hakupenda kuamshwa. Akangoja zaidi. Nikajifanya napuliza chai.

Jumanne, 11 Juni

2114!! Sanduku la kumi na moja, saa tisa na nusu. Kioo kizima, hakina hata ufa.

Mama Glavu alikiinua dirishani. Uso mweusi ti, midomo myeupe, macho mawili meupe kama ya samaki wa kuchemsha. Kofia inang'aa. Kwenye negativu kila mtu ni mgeni. Nikamtazama Kaka yangu nikashindwa kumjua.

"Kesho, Bibi. Kesho naiweka kwenye skana, kompyuta itampindua arudi rangi yake."

Kesho, basi. Nimesubiri hamsini na minane, nitashindwa moja?

Jumatano, 12 Juni

Niandike kwa utaratibu. Kama prufu. Mstari kwa mstari.

Saa tatu tulikuwa watatu: mimi, Mama Glavu, na katibu wa kamati. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu mwenye suti, amekuja na fomu. Mama Glavu akafungua picha kwenye skrini, bado negativu. Akabonyeza.

Katibu ndiye wa kwanza kusema. "Naam! Sura ya chuma hiyo! Tazameni macho. Hilo ndilo jicho la jeshi."

Mimi nilikuwa natazama sikio.

Kwenye ndewe ya sikio la kulia pana uzi. Uzi mweusi mfupi, umefungwa fundo. Mwaka ule nilipoteza hereni zangu mtoni, na Mama akapitisha uzi ili matundu yasizibe. Nikashuka. Koti kubwa, mabega yameanguka, mikono imefunika vidole mpaka kucha. Nyota mbili begani, moja imepinda kidogo. Nikapanda. Kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, kuficha nywele. Midomo imekazwa, lakini mtu anayejua anaona: si ukali ule. Ni mtu anazuia kicheko, na pumzi inakaribia kumshinda.

Ni mimi.

Ni mimi, miaka kumi na sita, ndani ya koti la Kaka. Yote yakarudi kwa mkupuo mmoja. Alivua koti akanivika. "Kaa wewe, Mkia, mimi yangu siku nyingine." Usicheke alikuwa haoni vizuri kwa mbali, au alijua na hakujali. Alichoagizwa ni picha ya afisa. Akaandika jina la aliyeagiza.

Siku nyingine haikuja.

Katibu alinigeukia, akaitazama skrini, akanitazama mimi. "Hamfanani hata kidogo, Bibi! Yeye alichukua upande wa baba, siyo?"

Nikasema siyo rahisi kujua.

Aliniachia fomu. Mstari mmoja na nafasi ya saini: ndugu anathibitisha kwamba afisa aliye pichani ni fulani. Kesho saa nne wanaanza kutundika. Jumamosi ufunguzi, bendi na kila kitu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Nimetembea mpaka kituo cha reli nikarudi. Halafu tena.

Mama alijua. Mama aliyenizaa, atadanganywa na kofia? Siku habari za daraja zilipokuja alitafuta picha ya mwanawe akiwa afisa, akakuta hii tu. Akaipeleka gazetini. Mwanawe hawezi kufa bila uso. Na siku ya lori, ndani ya lile kopo la biskuti hapakuwa na picha ya Kaka akiwa mtu mzima hata moja, za utotoni tu. Uso wa Kaka ukubwani haukuwa kwenye kopo. Ulikuwa unapanda lori mbele yake, unapiga kelele.

Ndiyo maana hakulililia. Ndiyo maana miaka yote ile, mguu juu ya pedeli ya cherehani, alikuwa akisimama kushona ghafla na kunitazama. Kitambo. Mimi nilidhani ananihukumu. Nilikuwa nauliza kwa ukali, "Nini?" Naye anasema, "Hakuna," anaendelea kushona.

Pole, Mama.

Na kesho je? Nisipotia saini, fremu ya kumi na tisa inashushwa, na huo ndio mwisho wa jina lake mjini. Hakuna mwingine wa kulitamka. Nikitia saini — mimi niliyelipwa miaka thelathini na minne nisiache kosa lipite — nitakuwa nimetundika kosa ukutani, watoto wa shule watalipigia saluti. Hakuna anayejua. Wote waliomjua wamekufa ila mmoja, na yeye mwenyewe amemsahau.

Nilikuja kumwona. Sikumwona.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika hapahapa Nyaraka, kwa penseli, nikiwa na glavu. Saa tatu na dakika tano. Fomu iko mbele yangu.

Mama Glavu amechapa picha kwenye karatasi kubwa, kioo kizima, ili nichague pa kukata. Jana skrini ilionyesha katikati tu. Ameshachora mistari minne kwa penseli nyekundu kuzunguka kichwa na mabega, kipimo cha fremu. Kisha akaenda kupokea simu ya katibu.

Nje ya mistari kuna kila kitu, kama alivyosema binti wa Usicheke. Ndoo. Mguu wa kiti. Ukingo wa pazia. Na upande wa kushoto, kwenye ukingo kabisa wa kioo, unaingia mkono wa mtu.

Mkono wa mwanamume kutoka kwenye kiwiko, shati limekunjwa. Ameshika ndala zangu kwa kidole kimoja, na mtandio wangu umetupwa juu ya mkono huo. Umetoka ukungu kidogo kwa sababu mwenyewe alikuwa anatikisika. Anacheka. Na saa imevaliwa upande wa ndani.

Nimekaa naye nusu saa nzima. Mishipa. Kovu la wembe kwenye kidole gumba, nilikuwa nimelisahau! Kucha zimekatwa fupi, za jeshi. Nimevua glavu moja nikauweka mkono wangu juu ya karatasi karibu na wake, bila kugusa.

Saa tatu na dakika thelathini na tano. Nimefuta mstari wa kushoto. Kifutio changu ni kizuri, hakijaacha alama. Nimechora mwingine, pembeni kabisa, mkono wote uingie. Sura itakuwa ndogo ndani ya fremu, na katibu atalalamika kuhusu ndala kwenye ukuta wa mashujaa. Na alalamike.

Fomu bado. Kalamu ya wino iko kwa Mama Glavu, atanipa mwenyewe, mara hii ameruhusu.

Amerudi. Katibu yuko njiani, anasema. Ameuona mstari mpya. Ameinama, miwani imeshuka puani. Ametazama ndala. Ametazama mkono. Kisha ametazama uso ulio pichani, muda mrefu, na polepole ameinua macho yake akayaleta kwangu — si machoni pangu, kwenye sikio.

Amevua glavu zake. Sijawahi kuona vidole vyake.

"Bibi," amesema, kwa sauti ya chini, "huu mkono ni wa nani?"

Nimemwomba dakika moja nimalize kuandika. Ameketi kiti cha pili. Anangoja.